Simbi ya Futi Sita

Jumatatu, 5 Februari 1951
Baridi ya Ainabkoi inauma mpaka meno. Watu kumi na wawili shimoni, mimi nyapara wao. Futi sita chini, kando ya majivu ya zamani, nimetoa simbi kwa vidole vyangu. Kombe la bahari, huku milimani. Daktari, Mzungu wetu mtafiti wa mambo ya kale, amecheka kama mtoto. Anasema watu wa kale wa huku walijuana na watu wa pwani kabla ya Mwarabu kufika. Sijawahi kufurahi hivi.

Alhamisi, 8 Februari
Nimetumwa posta Eldoret na barua yake ya gazeti. Haikufungwa, nikaisoma. Eti simbi ameipata yeye mwenyewe. Yeye yupi? Alikuwa kwenye kiti, anakunywa chai. Jioni nimeomba jina langu litiwe, mstari mmoja tu. Amenijibu: "Wewe chimba, mimi fikiri."
Miaka tisa namchimbia. Namtakia mabaya na sioni haya.

Jumanne, 13 Februari
Nikinyoosha ukuta wa shimo, sururu imezama kama kwenye uji. Udongo laini, mweusi, umeshuka kutoka juu mpaka pale pale simbi ilipokaa. Tundu la mhanga. Mnyama alifuata mchwa, tundu likajaa udongo wa juu, simbi ikashuka nao. Labda ilimdondoka mama fulani juzi tu. Si ya kale hata kidogo.
Siku ile ningepapasa udongo ningejua. Furaha ilinipofusha.
Kazi yangu ni kumwambia. Sikumwambia.

Jumamosi, 17 Februari
Daktari amealika wataalamu wakubwa wa Nairobi waje kuona. Ameshona suti. Mimi nafagia ukuta ule kila asubuhi, tundu lionekane vizuri. Yeye upande huo hafiki, jua linamchoma. Mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi nakula vizuri.

Jumamosi, 3 Machi
Wamekuja watatu. Mzee mmoja hakungoja hotuba iishe. Ameshuka na mkongojo wake, akapapasa ukuta, akauliza hili ni nini. Uso wa Daktari umeiva, halafu ukapauka. Nimesimama na koleo, uso mkavu. Moyoni nacheka. Ameaibika mbele ya wenzake na ni mimi niliyetaka.


Jumapili, 3 Juni
Kitabu cha wale wataalamu wa Nairobi kimetoka, na taarifa ya Daktari imo. Daktari ameniletea mwenyewe, amenifunulia ukurasa. Jina langu limo lote, Zakayo Wafula, halikukosewa herufi. Imeandikwa kwamba nyapara huyo ndiye aliyeitoa simbi, Daktari akiwa hayupo shimoni, na kwamba hakuutambua udongo. Nimetafuta uongo ndani yake. Haumo.
Mke wangu hasomi Kiingereza. Ameomba aone jina. Nimemwonyesha kwa kidole. Amefurahi sana, ameenda kuwaita majirani.