Filamu Isiyokuwa ya Kilembe

Jumatatu, 8 Septemba. Kasese.
Nimefika nusu ya tafsiri ya filamu. Mzee mmoja, mgodi uliofungwa, geti la chuma, nchi ya mbali. Kila asubuhi anafua shati lake moja, analivaa likiwa bichi, anakwenda kusimama getini. Basi. Niliiwasha bila kujua lolote, nikamlilia mzee anayefua shati. Jumamosi nitaisema kwa Kiswahili, kipaza sauti mkononi, katika banda la video la Baluku kule Bwera.

Jumatano, 10 Septemba.
Baluku ameona jalada: mgodi, mto, bonde. Amefunga spika kwenye boda boda, anatangaza kwamba filamu imechezwa Kilembe, bonde la mgodi wa shaba hapa juu, na kwamba mafuriko yatabeba nyumba kama yalivyozibeba kweli. Nimempigia simu. Hakuna Kilembe, hakuna mafuriko. Akacheka. "Mwalimu, tia chumvi. Watu iko nataka moto."

Jumamosi, 13 Septemba. Bwera.
Nimetia chumvi. Najichukia. Kila bonde lilipotokea nilisema, "Kilembe hiyo." Miluzi. Kisha wakaanza kungoja mafuriko. Mzee alifua shati, wao wanangoja mafuriko. Afande mstaafu wa benchi la mbele akaniuliza, "Huyu muzee nafua mupaka lini? Leta maji." Banda zima likacheka. Na mimi nikaanza kumwona mzee anachosha. Hilo ndilo limeniuma. Filamu ni ile ile.

Alhamisi, 18 Septemba. Kasese.
Keshokutwa tunaonyesha hapa mjini. Spika imepanda mpaka Kilembe kwenyewe. Watu watashuka kuja kuona nyumba zao. Baluku ameonya: nikiharibu, kipaza sauti anampa mwingine. Ndiyo kazi pekee niliyoipata tangu nimalize chuo. Ndiyo pekee niliyowahi kuipenda.
Sitii chumvi.

Jumamosi, 20 Septemba.
Saa tisa alasiri, banda limejaa. Kabla ya picha nikasema: Hii si Kilembe. Hakuna mafuriko. Ni mzee na shati lake. Anayetaka kutoka, atoke sasa.
Mabenchi matatu yakabaki matupu. Matusi mlangoni. Baluku akachomoa waya wa kipaza sauti. Nikaendelea kwa koo langu. Waliobaki wakasogea mbele, mmoja mmoja.
Mama mmoja, mjane wa mchimba shaba, alikuwa ameshuka kutoka Kilembe ili aone nyumba ya mumewe. Hakutoka. Mzee alipofua shati mara ya tano, akasema kwa sauti ya chini, kama yuko kwake, "Sugua kola, muzee." Watu wakacheka. Kisha wakarudi kwa mzee, na hakuna aliyeinuka mpaka taa zilipowashwa.
Sauti imenikauka. Sijutii.

Jumapili, 21 Septemba.
Kipaza sauti kimepata mtu mwingine. Ujumbe wa Baluku wa mstari mmoja, bila hata tusi.
Mchana nimeiwasha filamu tena, sebuleni. Mama yangu akaingia na beseni la mihogo na kisu, akauliza hii ni ya nini, ni nzuri? Nikairudisha mwanzo. Akavuta kigoda, akaanza kumenya.
Imekwisha jioni. Nusu ya mihogo bado ina maganda.