Kadi ya Kirimi Inakataa Kushika

Siakago,
9 Desemba 1999

Kwa mume wangu Nyamu,

Miaka mitatu tangu tumzike babu yako, na wewe uliyerithi jina lake hujakanyaga hapa. Mbuzi wangu mweusi alipotea mwezi wa tatu akarudi mwenyewe mwezi wa nne, na huyo hakusomeshwa. Nimeanza kwa kukugombeza kwa sababu nikianza na salamu nitalegea.

Sasa, hujambo? Unakula vizuri huko Nairobi, ama bado ni chai na mkate kama mgonjwa? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikinyesha, lakini bado nalima. Wanaokuulizia ni wengi na nimechoka kuwadanganya.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, usishangae. Shule sikuingia hata siku moja, lakini tangu Januari Veronicah anatufundisha kisomo cha ngumbaru pale kanisani, na mimi si wa mwisho. Naandika Kiswahili kwa sababu mama yako alikulea Nakuru bila kukufundisha Kimbeere, jambo ambalo nitaongea naye siku yake.

Nataka nikueleze habari za huyo fundi wenu, Kirimi. Alifika mwezi wa tisa na kompyuta ile ya kukunja, akaiweka zahanati kwa nesi Gacheri. Alisema ofisi yenu imeamua zahanati iongee na simu ya Padre bila waya, na kutoka kwa Padre maneno yaende mpaka kwa daktari Embu. Nikamuuliza yatapitia wapi. Akaniambia, cucu, nyanya yangu, yatapita hewani, juu ya shamba lako. Nikamwambia hata kunguru hupita juu ya shamba langu na hawaniombi ruhusa, aendelee.

Akasimamisha mlingoti mmoja zahanati na mwingine kwa Padre, kila mmoja na antena yake. Kisha akatoa kadi nyembamba kama kipande cha sabuni kilichobaki, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta. Kompyuta ikasema haimjui mgeni huyo. Akaichomoa, akaipuliza kama uji wa moto, akairudisha. Akaingiza diski moja, akaingiza ya pili, akazima, akawasha. Siku mbili nzima, shavu limejaa miraa ya kwao Maua, anaongea na mashine kwa Kiingereza kama mtu anayembembeleza mke aliyerudi kwao. Siku ya tatu taa ya kijani ikawaka, barua ikaenda Embu na jibu likarudi. Watu wakapiga makofi. Kirimi akatembea sokoni kama aliyeumba mvua.

Mvua yenyewe ilikuja mwezi wa kumi na moja, na kadi ikaacha kushika. Akarudi. Alisema ni unyevu. Akaifunga kompyuta kwa karatasi ya nailoni mpaka ikafanana na mkate. Haikushika. Akasema ni diski, akafuta kila kitu ndani akaanza upya. Haikushika. Akasema ni Gacheri amegusa mahali. Gacheri, ambaye hushona vidonda na kuzalisha wanawake, akamwambia yeye hagusi kitu ambacho hakitoi damu. Safari ya tatu akaleta kadi mpya kabisa. Jua lilikuwa limewaka siku mbili, na kadi ikashika kidogokidogo. Akaikunja mikono ya shati, akatutangazia kwamba ugonjwa ulikuwa ni kadi ile ya kwanza, akapanda gari akaenda zake.

Kabla ya kuondoka alikunywa chai kwangu. Akanieleza kwamba kama kazi hii isingetengemaa kufika Krismasi, mashine zingepelekwa Karurumo, na wewe uliyeipigania Siakago mbele ya wakubwa wako ungeaibika. Akasema pia kwamba yeye amefika mwisho wa akili yake. Ikikataa tena, anayekuja ni Nyamu mwenyewe. Nilimwongezea chai.

Usiku huo mvua ikanyesha.

Asubuhi Salesio, rafiki ya babu yako aliyekuwa akirina asali naye, alikanyaga nyoka kwenye mtama wake, yule mnene mvivu asiyekimbia mtu. Walimbeba kwa machela mpaka zahanati. Dawa ya nyoka haikuwepo. Gacheri akamwandikia daktari barua kwenye ile mashine, alete gari na dawa, na kwa kuwa fundi alikuwa amesema imepona, akaamini imeenda. Akakaa akimfuta Salesio jasho na kusikiliza gari. Saa nane mchana alipoitazama tena, barua ilikuwa hapo hapo alipoiandika. Akakimbia kwa miguu mpaka kwa Padre akapiga simu. Gari lilifika jua likitua. Salesio yu hai, lakini Embu wamemkata vidole viwili vya mguu. Daktari alisema angefikiwa asubuhi, vingebaki.

Nyamu, sasa nisikilize. Nimemcheka Kirimi kurasa nzima, na ni kweli ni mjinga, anajua kusoma kila kitu isipokuwa mti. Lakini mjinga hana hatia kama ya anayejua.

Mimi nilijua. Siku ile ya mwezi wa tisa Kirimi alinieleza kwamba antena mbili lazima zionane, kama watu wanaosalimiana ng'ambo ya bonde. Nikatazama. Katikati yao ulisimama mgunga mkubwa wa babu yako, wenye mizinga sita ya nyuki aliyoichonga mwenyewe. Ulikuwa umepukutika kwa kiangazi, mtu angeweza kuona hadi kwa Padre kupitia matawi. Mimi nimeishi chini ya mti huo miaka hamsini. Nilijua mvua ikija utavaa majani mazito, na hao wawili hawataonana tena. Kila Kirimi alipokuja na diski zake, nilikuwa nimekaa kivulini mwa jibu lake namkaangia mahindi, na sikufungua mdomo.

Mwanzoni nilinyamaza kwa ajili ya mti. Kwetu mwanamke hagusi mti wa mizinga ya mumewe, na sikutaka mtu wa Maua auguse. Lakini baadaye, na hili ndilo linaloniuma, nilinyamaza kwa ajili yako. Nilihesabu mafundi watashindwa, nawe utalazimika kuja. Nilikuwa nimekuandalia mpaka jogoo. Nilitaka kukuona kuliko nilivyotaka ile barua ya Gacheri ifike, ingawa sikujua itakuwa barua ya nani.

Salesio alipopelekwa Embu, nilimwita Mwiti seremala siku iliyofuata, nikamwambia afukize moshi, ateremshe mizinga na akate matawi yote ya upande wa Padre. Wazee walinung'unika kwamba nimevunja mwiko. Niliwaambia waninung'unikie nikiwa nimekaa, goti linauma. Matawi yalipoanguka taa ya kijani ikawaka, na tangu hapo haijazimika, mvua au jua. Waambie wakubwa wako. Kazi yako imepona, Karurumo wasubiri zamu yao. Kirimi akisema ni kadi yake, mwache aseme.

Juzi Salesio alirudi nyumbani, nikaenda nikamwambia yote. Kisha akasema angekuwa na mjukuu kama wewe labda naye angefanya hivyo hivyo. Halafu akasema niondoke, nisirudi mpaka anitumie mtu. Hajatuma.

Kwa hiyo mashine haina haja nawe tena, na mimi sina hila nyingine ya kukuleta. Ninabaki kukuomba tu, kitu ambacho sijui kukifanya vizuri.

Gacheri anakusalimu, Veronicah anakusalimu na anasema usihesabu makosa ya barua hii. Msalimie mama yako ingawa nina neno naye. Mungu akulinde barabarani na akupe usingizi.

Ukija, usianzie kwangu. Ukishuka sokoni pitia kwa Salesio kwanza, ukae, umwombe akuonyeshe mguu, na akikuonyesha usigeuze macho. Mwambie wewe ndiwe niliyekuwa nikikungoja. Ukitoka hapo ndipo uje uniambie amesema nini.

Ni mimi nyanya yako na mke wako,
Wambeti