Disketi Namba Saba

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo, mimi huku na wewe huko. Afya yangu ni ya umri wangu: goti la kushoto linatabiri mvua kabla mawingu hayajajua, na sindano sasa naitia uzi kwa kuvizia. Shemeji yako hajambo, bado anagombana na redio kila taarifa ya habari, na redio bado haijamjibu. Je, wewe? Kile kifua kimetulia? Na wale wanafunzi wako wa ushonaji, yule uliyesema anapinda mshono kama njia ya mbuzi, amenyooka au umemkatia tamaa?

Barua yako niliipata. Umeniandikia kwamba sasa ni miezi mitano tangu tumzike mama, kwamba hakuna tena wa kumwonea aibu, na kwamba unataka jambo moja tu kwangu. Uliandika kuwa mimi ndiye niliyempeleka mtoto na mimi ndiye niliyemwandika, basi nikuambie tu yuko na nani. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Kunyamaza kwangu majuma tisa hakukuwa dharau, mdogo wangu. Nilikuwa natafuta. Leo nakujibu, na kama umesimama, tafadhali kaa.

Niruhusu nianzie mbali, maana nikianzia karibu sitafika.

Unaikumbuka kazi yangu katika ile nyumba ya watoto. Niliingia na darasa la saba langu na cheti cha kupiga taipu, wakaniita Taipu mpaka jina langu la ubatizo likasahaulika. Kila mtoto aliyeletwa aliandikwa katika daftari kubwa: siku aliyofika, aliyemleta, alama za mwilini, na siku aliyoondoka, watu waliomchukua na wanakoishi. Mwaka mmoja kabla ya mambo yako ikaja kompyuta, msaada wa watu wa mbali. Tuliiita Bi Harusi, kwa sababu aliletwa kwa msafara, akafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kumfunua ila mimi. Feni ya pekee katika nyumba nzima ilikuwa yake. Tulivua viatu mlangoni. Mpishi alikuwa akija kuchungulia dirishani na mwiko wake mkononi, anasema laiti naye angepepewa hivyo tangu ujana, leo angekuwa hana hata kunyanzi moja.

Sitakuficha, nilimpenda. Ukimwasha alikaa kimya kwanza, kama mtu anayesali kabla ya kula, halafu ile nafasi ya disketi ikaanza kuparua, kha-kha-kha, kama kuku kwenye majani makavu, na herufi za kijani zikajitokeza gizani moja moja. Kulikuwa na harufu ya vumbi lililopata joto ambayo hata leo nikiipata popote nasimama. Kwenye taipu ukikosea, kosa lako linabaki na kovu lake jeupe, kila mtu anaona. Kwa Bi Harusi kosa likifutwa limefutwa. Mimi niliyekuzwa kuogopa makosa niliona hiyo kama rehema.

Mkuu wa nyumba, yule tuliyemwita Mama Mlezi, alisema kwamba madaftari yanaliwa na mchwa, na watoto sasa wameandikwa mahali ambapo mchwa hafiki, basi madaftari yaende jikoni. Niliyabeba mwenyewe, kumi na moja, kifuani, safari nne. Mpishi aliyawashia moto majuma mawili. Maji ya kuwaogeshea watoto yalipashwa kwa majina yao, na hakuna aliyeona ajabu.

Mara moja kwa mwaka alikuja mwanamume mpole mwenye kalamu nne mfukoni, tuliyemwita Mtaalamu. Ndiye aliyenifundisha adabu za disketi, zile kubwa laini za siku hizo: ishike pembeni, usiikunje, usiguse kile kidirisha kinachoonyesha utando wa kahawia, usiiweke karibu na spika. Na alinisisitizia neno moja kuliko yote. Alisema disketi ni mbegu, si jiwe. Mbegu ukiiacha ghalani ukasema ninayo, siku ukiitaka huna. Lazima kila mwaka uipande upya. Kwa hiyo kila mwaka aliniachia kasha la disketi mpya, ninakili watoto wote kutoka za zamani, kisha nitie sahihi katika kijitabu kwamba nimenakili.

Mwanao nilimwandika mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umelala chumba cha nyuma umegeukia ukuta, na mama alinipa mtoto amefungwa katika ile shuka yenye mistari ya buluu. Sijawahi kukuambia kwamba njiani alishika kidole changu asikiachie, hata nilipofika ilibidi Mama Mlezi amtoe vidole kimoja kimoja. Nilipiga: mtoto namba M143, msichana, siku tisa, doa jeusi nyuma ya sikio la kulia. Baada ya majuma saba walikuja mume na mke kumchukua. Wakataja majina yao na wanakoishi, nami nikapiga.

Hapa utaniuliza, basi majina ni yapi? Mdogo wangu, mama alikuwa ameniapisha juu ya Biblia yake kwamba sitakuambia kamwe, na mimi najijua, wewe ukiniuliza jambo sina kinywa cha kukataa. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho mpiga taipu mzoefu anaweza. Jina linaingia jichoni, linatokea vidoleni, kichwani halipiti. Nilijizuia kusoma nilichokuwa napiga. Nakumbuka viatu vya yule mwanamke, vya njano, vimefungwa kamba moja tofauti na nyingine. Nakumbuka mume alikohoa kabla ya kutaja jina. Jina silikumbuki. Tangu nipate barua yako nimeketi mezani mara nyingi na vidole juu ya ubao mtupu, nimefumba macho, nikingoja vikumbuke vyenyewe. Shemeji yako alinikuta hivyo siku moja, akaniuliza nampigia nani barua. Nikamwambia nakanda goti.

Basi nikatafuta. Ile nyumba ilifungwa zamani, leo ni ghala la magodoro. Mlinzi aliniruhusu niingie, na chumba cha Bi Harusi kimejaa magodoro hadi darini. Mama Mlezi amekufa. Mpishi amekufa. Katika ofisi ya ustawi wa jamii karani alinihurumia, akapekua kutwa nzima, akaniambia kwamba miaka ile kumbukumbu zilibaki katika nyumba zenyewe, wao hawakupewa hata karatasi. Kikabaki kimoja. Siku ya kufunga, wakati Bi Harusi anapakiwa kwenye pikapu bila hata kitambaa chake, kasha la disketi lilitupwa pembeni, nami nililichukua. Limekaa kabatini kwangu miaka ishirini na saba, chini ya sare yangu ya kwaya, na vidonge vya kufukuza nondo.

Nikaambiwa kuna mzee mmoja fundi, wamembandika jina la Makumbusho, anakaa juu ya duka la vioo. Chumbani kwake hupati pa kuweka mguu: mataipu, redio za mbao, televisheni zenye mgongo. Na kwenye meza, mdogo wangu, ndugu yake Bi Harusi, sura ileile, amekuwa wa manjano kama jino. Nilivua viatu kabla sijajua ninachofanya. Makumbusho akacheka, akasema ni muda mrefu hajaona mteja wa dini hiyo. Lakini alipofungua kasha aliacha kucheka. Akainua disketi namba saba, yenye mwandiko wangu, "Walioondoka", akaielekeza kwenye taa. Kuvu ilikuwa imeota kwenye utando kama pumu ya ngozi. Akaniambia, mama, umeniletea maiti unataka dawa ya kikohozi.

Nikamwambia ajaribu hivyo hivyo. Akaisafisha kwa pamba, taratibu, kama anayepangusa jicho la mgonjwa, akaitia. Kha-kha-kha. Nusura nilie kwa sauti ile. Na orodha ikaja! Si habari zenyewe, bali orodha tu ya majalada, kijani. Nikamwona: M143. Tarehe ile. Saa nane na dakika kumi mchana. Na ukubwa wake, herufi elfu moja mia mbili na sita. Niliandika hayo nyuma ya kitabu changu cha nyimbo. Alikuwa pale, mlango umefungwa. Makumbusho akagonga afunguliwe, mashine ikaparua, ikaparua, ikasema haiwezi kusoma.

Alinionya kwamba kila tukijaribu, kile kijino kinachosoma kinazidi kukwangua. Nikamsihi. Tukajaribu mara ya pili, majina ya watoto wengine nusu yakatoweka katika orodha. Nikamsihi tena. Mara ya tatu hata orodha haikuja. Akaitoa, akapitisha pamba juu ya kijino, akanionyesha: unga wa kahawia, kama kutu. Nilielewa kwamba yale ndiyo majina.

Mdogo wangu, kama mambo yangeishia hapo ningekuandikia kwamba ni kuvu, ni miaka, ni mapenzi ya Mungu, na ungenifariji. Hayakuishia hapo.

Chini ya kasha kulikuwa na disketi nyingine mbili. Makumbusho alisema hizi nyuso zao zinang'aa, ni za toleo la baadaye, imara kuliko zile. Nikamwambia aziache, hazina maana. Yeye kwa wema wake akatia moja, nisiondoke mikono mitupu. Ikafunguka yote. Nyimbo arobaini na moja za kwaya yetu, ubeti kwa ubeti, kibwagizo mahali pake, hakuna hata herufi moja iliyoanguka. Kumbe mzee aliwahi kuimba besi. Akaanza kuufuata mmoja kwa sauti ya chini, akapiga meza mapigo. Alipomaliza akanigeukia na furaha yote, akaniambia unaona, mama, wale watoto wangekuwa kwenye hizi, leo tungekuwa tunawasoma.

Zilikuwa zao. Zile disketi zilikuwa za watoto.

Mwaka ule ule, baada ya mwanao kuondoka, Mtaalamu aliniachia kasha jipya kama kawaida. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amefariki, madaftari yake ya nyimbo yameanza kuliwa na panya, na mimi nilikuwa nalia kila nikiyaona. Nikasema, watoto bado wanafunguka, wana shida gani? Mwaka huu nimtumikie Bwana, mwakani nitawanakili. Nikazipiga nyimbo zote jioni baada ya kazi, nikijiona mtakatifu. Disketi zilizosalia wanakwaya wakagawana, mmoja akaitumia kama mkeka wa kikombe. Katika kijitabu nikatia sahihi kwamba nimenakili. Mwaka uliofuata nikaona haya kumweleza Mtaalamu disketi zake zilikokwenda, nikamwambia bado ninazo za kutosha, nikatia sahihi tena, na ule mwingine tena, mpaka nyumba ikafungwa. Kunakili kulitaka alasiri moja tu. Nilimpa Mungu nyimbo ambazo hakuniomba, nikachukua jina la mtoto wako ambalo aliniwekea mikononi.

Nimeomba tangu siku hiyo. Sijapata jibu, na sitakudanganya kwamba nimepata. Kwaya nimeiacha, mchungaji ameambiwa ni goti. Jumapili nakaa benchi la nyuma, na wakianza wimbo wowote kati ya zile arobaini na moja nafungua tu kinywa.

Usinijibu haraka kuniambia umenisamehe, kwa sababu nakujua, utataka kunipunguzia. Huyo binti ana miaka thelathini na mmoja sasa mahali fulani, na ana doa nyuma ya sikio. Zaidi ya hapo mimi na wewe hatuna kitu, na hakuna aliye hai wa kutuongezea.

Nisalimie jirani yako yule anayekuletea maziwa, na wanafunzi wote, hata huyo wa njia ya mbuzi. Shemeji yako anakusalimu; hajui ninachoandika, anadhani nakuomba mtindo wa gauni. Funika kifua asubuhi, baridi isikuingie.

Nimekufungia disketi namba saba humu ndani, katikati ya vipande viwili vya boksi. Haina kitu. Lakini ndipo alipokuwa, na sikuona haki ikae kwangu. Ukifungua bahasha fungua upande wa juu. Ishike pembeni, usiikunje, usiguse kile kidirisha.

Ni mimi dada yako,
Taipu