Jeneza Ambalo Halikufunguliwa

Jumapili, Voi. Jua kali tangu asubuhi, na nina kinyaa ambacho chai haijakiondoa. Miaka thelathini na minne sasa tangu nitoke Gatitu, kijijini kwetu, kuja kufundisha huku.

Mdogo wangu Wachira alikuwa mlinzi katika ofisi ya chifu huko Gatitu. Mwezi uliopita, siku ya maandamano ya vijana, ofisi iliteketea naye akiwa ndani. Tangu juzi kuna video inayozunguka katika kundi la simu la ukoo wetu: ati serikali yenyewe iliichoma ili vijana walaumiwe, na ati hakuna aliyekufa. Ushahidi wao ni kwamba jeneza halikufunguliwa ili watu wamtazame marehemu, kama tulivyozoea kwetu.

Mimi ndiye niliyeagiza lisifunguliwe.

Nilikuwa nimelazwa hospitalini huku, mguu umevunjika, nikatoa neno kwa simu kama kaka mkubwa. Wanjiru, mkewe, alikuwa amemtambua mochari kwa meno ya mbele. Sikutaka watoto waone alichokiona mama yao.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Nani alichoma? Sijui. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba serikali husema uongo, na kama kuna mtu aliyeona askari na petroli, aje aseme alisimama wapi na ilikuwa saa ngapi. Nitamsikiliza. Lakini video haina shahidi hata mmoja. Ina muziki wa kutisha na mishale myekundu. Na hata kama serikali ilichoma, Wachira amekufa. Ningedhani kifo chake ndicho kingewakasirisha zaidi.

Video peke yake ningeivumilia. Njoroge siwezi. Ni binamu yetu, mmoja wa waliobeba jeneza. Amenipigia leo baada ya kanisa.

"Mwalimu, wewe uko mbali, hujui vitu. Hiyo sanduku ilikuwa nyepesi sana. Ati Wachira huyo, na ile tumbo yake?"

Akacheka.

Nikamwambia moto hufanya hivyo.

"Sasa si tufungue kaburi Jumamosi tuone? Wazee wamekubali. Imebaki wewe tu. Kuja tumalize hii maneno."

Nikakata simu. Nikaenda kuosha mikono, sijui kwa nini.

Njoroge alikula kwa Wachira siku zote za matanga. Alimshika Wanjiru mkono kaburini. Nadhani hata sasa hajioni kuwa amefanya ubaya. Anadhani amekuwa mjanja.

Nimeandika barua, nikaisaini, nikaituma kwa wazee wote: mimi, mkubwa wa nyumba yetu, sikubali kaburi liguswe. Kisha nikampigia Wanjiru kumsomea.

"Asante, Mwalimu. Wakikuja, watanipata nimekaa hapo juu."

Najua ni rahisi kukataa nikiwa huku. Yeye ndiye atakayekaa kwenye udongo.

Nilikuwa nimepanga kujenga vyumba viwili nyumbani Desemba, nimalizie uzee huko. Nimemwambia fundi asianze. Wanjiru na watoto wakitaka, nafasi ipo hapa.

Mimi Gatitu sitarudi.