Sahani Imerudi Tupu

Duane na Joanne,

Supu iko jikoni, ipasheni tu. Theluji ya mlangoni nimeifagia mwenyewe, Duane, usianze kunigombeza. Niko kanisani, kwenye kwaya.

Asubuhi jirani Ardis alinipeleka kuyaona yale makazi ya wazee mnayoyasifu. Kweli ni pazuri. Bafuni kuna vyuma vya kushikilia, muuguzi yupo usiku kucha, na chakula ni cha hoteli kabisa.

Mimi siendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo niliwabebea pai ya matufaha. Binti wa mapokezi akaniambia kwa upole, “Samahani, bibi, chakula cha nje hatupokei. Hapa wewe ni wa kupikiwa tu.” Akaenda nayo nyuma, sijui kuitupa au kuila, akanirudishia sahani yangu imeoshwa, inang'aa, tupu. Tangu niolewe mtaa huu, hakuna jirani aliyewahi kunirudishia sahani tupu.

~~Siendi huko.~~

Nitakwenda. Joanne, nakusikia unavyougulia mgongo kila ukishaninyanyua kutoka bafuni, hata ukifunga mlango.

Sahani ndiyo hii hapa mezani. Kaeni nayo ninyi, mimi huko sina wa kumpikia.

Mama