Balbu ya Mashine ya Filamu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jandarmeri, Likasi, 9 Machi 1993

Jina: Amuri Mahamudu. Umri: miaka 48. Kazi: karani wa kumbukumbu za kampuni. Makazi: Kikula. Mahali pa kuzaliwa: Likasi. Asili: Likasi vilevile, Ajida asifute.

Ninatangaza rasmi, Zaire yote ipate kusikia: balbu ya mashine ya kusomea filamu haiwaki. Redio bado haijasema.

Kazi yetu ni kuhamisha majina ya waliozaliwa katika hospitali ya kampuni, kutoka filamu za zamani, zenye picha za kurasa za daftari, kwenda kwenye disketi za ordinatere, yaani kompyuta. Mama Mbombo anasoma filamu kwa sauti. Mimi ninaandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mahindi. Filamu ikiisha kunakiliwa inachomwa moto. Kitakachobaki ni disketi tu.

Mnamo tarehe 8 Machi, asubuhi, mkubwa wetu, Bwana Eddy, alisimama nyuma yetu. Mama Mbombo alikuwa amefikia jina lake mwenyewe. Akasoma: "Mbombo Germaine, kazaliwa Likasi."

Bwana Eddy akaniambia: "Andika Mwene-Ditu, Kasai. Kwao ni kule."

Mama Mbombo akageuka. "Patron, Mwene-Ditu minye siyafikaka hata siku moja."

"Baba yako alitoka kule."

Nikauliza: "Na wangu alitoka Kasongo, patron. Minye nijiandike Kasongo?"

"Weye Amuri, funga kinywa. Andika!"

Sote tulijua maana yake. Siku hizi anayeitwa mtu wa Kasai anatolewa nyumbani, analala gare na watoto akingoja treni ya kumpeleka Kasai.

Niliandika Likasi. Akafuta. Akaenda kwenye simu, akisema akirudi tutaanza upya, majina yote ya watu wa Kasai. Aliporudi, mashine ilikuwa giza. Akamleta Mama Mbombo hapa, eti ameharibu mali ya kampuni. Yuko nje, kwenye benchi lako, Ajida.

Sasa ukweli. Balbu haikuungua. Mama Mbombo alitoka kunywa maji, mimi nikaichomoa, ingali moto. Waliopora mji walibeba hata balbu za akiba. Hii ndiyo ya mwisho. Pasipo balbu filamu haisomeki, na isiposomeka haichomwi. Nitairudisha siku kila mtu atakapoandikwa pale alipozaliwa. Nifungeni minye, kwa unene huu nitajaza kasho peke yangu. Huyu mama arudi kwao, hapa Likasi.

Nimesema hivyo, wala sipunguzi neno.

Sahihi: dole gumba (vidole vya kuandikia vimeungua).

Mimi, Mathieu, mwenye cheo cha Ajida katika jandarmeri, nimemsomea maelezo haya, amekubali. Mama Mbombo nimemruhusu aende nyumbani. Balbu haijaonekana. Mifuko ya shahidi haikupekuliwa.