Bati la Jikoni kwa Bibi Somoe

Jumatano, Ruangwa. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijakatika. Ghalani hatukupakia kitu, korosho hazitolewi kwenye mvua. Nimerudi mapema. Afadhali ningebaki hukohuko.

Chumba changu leo ni kikavu. Kabla ya hapo kilikuwa kinavuja juu ya kitanda, ukuta ukaota ukungu mweusi, godoro likanuka, hata shati langu zuri likaingia madoa. Nilichoka. Jumapili nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki mwenye nyumba wangu, Bibi Somoe. Nilipiga kelele, wapangaji wenzangu wote wanasikia. Nikasema anapokea kodi halafu anatulaza majini kama vyura.

Watu walicheka. Mwenyekiti akaamua kwamba paa ni la mwenye nyumba, alitengeneze.

Bibi Somoe hakujibu neno. Ni mjane, ana mikorosho michache huko Matambarale. Jana akaleta fundi, bati bovu likatolewa, zima likawekwa. Nikajiona mshindi.

Leo nimepita uani, nikajua bati zima limetoka wapi.

Limetoka jikoni kwake.

Alikuwa anasonga ugali huku amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, mvua inamwagikia mgongoni.

"Karibu, Msukuma," akaniita. "Jiko langu sasa lina dirisha la juu. Moshi hautusumbui tena."

Lile bati bovu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalitazama. Limebonyea mahali pawili, katikati ya mistari ya misumari, na matundu ya misumari yamepanuka.

Ni miguu yangu ile.

Kwetu Kwimba tunakata viazi vitamu na kuvianika juu ya majabali mpaka vinakuwa michembe. Hapa mtaani sikuona jabali, basi kiangazi nikawa napanda kuanika juu ya bati. Nilitembea hapo kama natembea juu ya jiwe, mimi mbeba magunia, na uzito wote huu. Nilipokwenda kushtaki jambo hilo halikunijia kichwani. Hapana, niandike kweli. Lilinijia, nikalifukuza.

Nikamwambia palepale, "Bibi, paa nimeliharibu mimi."

Hakuacha kusonga. "Nilikuona ukipanda, mjukuu wangu. Nikajua ipo siku utasema mwenyewe."

"Sasa mbona kwa mwenyekiti ulinyamaza?"

"Ningesemaje, na michembe uliyonipa niliila?"

Nilitamani anitukane. Akanipakulia ugali.

Sasa nimelala juu ya godoro kavu na usingizi hauji. Nimemwahidi nitamnunulia bati jingine, na nitanunua. Hilo si gumu. Lakini jina lake nimelichafua mbele ya watu, na hilo haliuzwi dukani. Mchana huu jirani amepita akamuuliza kwa sauti, "Bibi, vyura wako hawajambo?" Naye akacheka, kama vile amestahili.

Paa ni la mwenye nyumba, sikatai. Lakini aliyelikanyaga ni mpangaji, na mpangaji huyo ana mdomo mkubwa.

Kesho jioni watu wote watakuwa wamerudi. Nitasimama kwa mwenyekiti, palepale niliposimama Jumapili, na nitasema kwa sauti ileile.